Photoshop ya kuchakachua ya nini?

Nikikutana na vijana wanaoanza kazi hii ya uandishi, swali huwa ni lile lile: "Dada, una Photoshop unirushie?"

Jamani, ya nini? Sisemi kwamba Photoshop ni mbaya. Ni programu nzuri, lakini inalipiwa kila mwezi, na wengi wetu tukishindwa kulipa tunakimbilia ile ya kuchakachua iliyo kwenye flashi ya rafiki, pamoja na virusi vyake. Wakati huo huo kompyuta yenyewe imekuja na vifaa vyake. Windows ina Paint, ambayo imekuwepo tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, na ina Photos. Mac nayo ina Preview na Photos yake.

Hebu tujiulize, picha ya habari inahitaji nini hasa? Kwanza, tengeneza nakala, ile ya asili usiiguse kabisa. Pili, inyooshe kama imepinda. Tatu, kata pembeni kusikohitajika. Nne, ongeza mwanga kidogo kama sura za watu zimefichwa na kivuli. Tano, punguza ukubwa. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli kama 4,000, wakati kwa kusomwa kwenye skrini 1,200 zinatosha. Msomaji wako mwenye bando la kuungaunga atakushukuru! Na fanya yote kwa mkupuo mmoja, maana picha ya JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

Basi. Dakika tano umemaliza. Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo kwenye picha ya habari, kuna uwezekano mkubwa kwamba unataka kufanya jambo usilopaswa kulifanya. Agosti 2006, wakati wa vita vya Lebanon, shirika la Reuters liliiondoa picha ya Beirut ambayo moshi wake ulikuwa umeongezwa kwa kompyuta. Likaachana na mpiga picha huyo na kuziondoa sokoni picha zake zote 920.

Lakini msidhani kifaa kidogo hakina meno. Januari 2020, huko Davos, Uswisi, shirika la AP lilipiga picha ya wasichana watano wanaharakati wa mazingira. Miongoni mwao alikuwa Greta Thunberg wa Sweden na Vanessa Nakate wa Uganda. Picha iliyosambazwa ilikuwa na wanne. Aliyekatwa ni Nakate, Mwafrika pekee kati yao. Maelezo yalikuwa kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. AP baadaye iliomba radhi.

Fikiria hilo. Hakuna aliyeongeza moshi wala kubadili sura ya mtu. Kilichofanyika ni kukata pembeni tu, kazi ambayo Paint inaifanya na ambayo mimi na wewe tunaifanya kila siku bila kuwaza. Waliobaki kwenye picha walikuwa wa kweli, ila habari iliyosimuliwa na picha ile haikuwa kamili. Anayekata picha anaamua nani alikuwepo na nani hakuwepo.

Sasa mambo yamezidi. Tangu mwaka 2024, Photos ya Windows na ile ya Mac mpya zimepewa kifutio cha akili bandia. Unampaka mtu rangi kwa kipanya, anatoweka, na ukuta uliokuwa nyuma yake unajazwa kana kwamba hakuwahi kusimama pale. Kwa picha ya harusi ya binamu yako, sina neno. Kwa picha ya mkutano wa hadhara, huo ni uongo, hata kama kifaa kimekuja bure na kompyuta.

Kipimo changu ni hiki: je, naweza kuweka picha ya asili kando ya niliyoihariri, mbele ya watu waliopigwa, bila kuona aibu? Kama siwezi, narudi kwenye ile ya asili na kuanza upya. Kipimo hicho hakihitaji programu ya bei mbaya, wala ya wizi.

Au mnaonaje, wenzangu? Kuna picha ya habari uliyowahi kuiona ambayo kweli ilihitaji zaidi ya hayo matano?