Uvimbe wa shingo si ulozi

Hapa Kolwezi tunaona jambo moja ambalo linatusikitisha. Mchimbaji anaota uvimbe ku shingo, haumuumi, anauacha. Kisha miezi miwili, mitatu, unapasuka, usaha unatoka, na jamaa wanamupeleka kwa nganga kuchanjwa. Juu ya nini? Juu alipimwa makohozi, wakamwambia hana kifua kikuu. Kumbe anacho, lakini hakiko mu mapafu, kiko mu tezi. Kwa mwenye virusi vya Sida hii inatokea sana.

Basi munganga aingize sindano mu ule uvimbe, avute maji yake, yapimwe mu mashini ya GeneXpert, ile ile ya makohozi. Mashini yenyewe inatumika saa mbili tu! Ndugu, usikubali kurudi nyumbani na antibiotiki peke yake: uliza ile sindano. Dawa ni za miezi 6, hazilipwi. Na uvimbe ukikua tena kisha kuanza dawa za Sida, usiziache, rudia kwa munganga.

Nanyi wasimamizi wa vituo vya afya karibu na migodi, tunawauliza: wagonjwa wangapi mmewarudisha kwa sababu ya makohozi tu?