Mtoto Achokaye si Mvivu

Ndugu msomaji, kama umepata kuvuka kwa kivuko kutoka Kamanga kwenda Mwanza mjini, bila shaka umewaona akina mama waliowapakata watoto wao, safari yao ikiishia kilimani Bugando, hospitali. Baadhi yao huvuka kwa sababu ya maradhi ya moyo, maradhi ambayo wengi wetu twadhani ni ya watu wazima.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, karibu mmoja huwa na kasoro ya moyo. Mwingine huzaliwa mzima, kisha huugua koo. Koo hilo lisipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo huharibu milango ya moyo. Dalili huonekana nyumbani: mtoto mchanga hutoka jasho anyonyapo, haongezeki uzito, au midomo na ulimi hugeuka rangi ya buluu. Aliyekwisha anza shule huhema kwa mwendo mfupi tu. Je, mara ngapi tumemwita mtoto huyo mvivu? Mara ngapi tumesema amerogwa?

Msaada upo. Mwaka 2011 watu walipanda Mlima Kilimanjaro kuchangisha fedha za shirika la Save a Child's Heart, lililoanzishwa Israel mwaka 1995 kutibu mioyo ya watoto. Huko Israel ndiko Dkt. Godwin Godfrey, Mtanzania, alikojifunza upasuaji wa moyo wa watoto, kisha akarejea kuwahudumia wananchi wenzake. Tangu mwaka 2015 tunayo pia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Lakini upasuaji si mwisho wa safari. Mtoto aliyeugua homa ile huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Kinachomshinda mzazi aghalabu si sindano, bali nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na kibarua cha siku nzima alichokikosa. Sindano zikirukwa, homa huweza kurudi na kuuharibu moyo zaidi.

Hapo ndipo penye wajibu wetu. Twajua kuchangia harusi na misiba. Hata mtoto akienda kupasuliwa, twatoa kwa moyo mkunjufu. Mwezi ukipita, twasahau. Kwa nini wafanyakazi wa idara moja, au akina mama wa mtaa mmoja, wasichange kila mwezi nauli ya mtoto mmoja wanayemfahamu? Na mwalimu wake aiandike tarehe ya sindano, amkumbushe mzazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tarehe 29 Septemba ni Siku ya Moyo Duniani. Tusiingoje. Ikiwa jirani yako anaye mtoto anayechoka upesi, mwendee leo, umshauri ampeleke kwa mganga akapimwe moyo. Na kama hana nauli, ndugu msomaji, usirudi nyumbani mkono mtupu: rudi umekwisha mpa.