Mwanasesere wa matambara si zawadi ya kuonea haya

Zipo zawadi ambazo mzazi akizinunua dukani hujiona ametimiza wajibu wake, na zipo nyingine ambazo akizitengeneza kwa mikono yake huona haya kuzitoa mbele ya wageni. Mwanasesere wa matambara amewekwa katika fungu hili la pili. Mtumishi wa serikali yu radhi akope fedha, amnunulie bintiye mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za rangi ya dhahabu, kuliko kumpelekea yule aliyeshonwa na bibi kwa kipande cha kanga iliyochakaa. Haya hiyo haina msingi, na yafaa ichunguzwe imetoka wapi.

Haikutoka katika historia. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, amehifadhiwa mwanasesere wa nguo aliyetengenezwa Misri wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Warumi, kati ya karne ya 1 na ya 5. Mwili wake ni wa kitani, na ndani amejazwa matambara na mafunjo. Kichwani ana ushanga mdogo wa kioo, unaodhaniwa kuwa ni pambo la nywele. Mtu fulani alikaa chini akaushona ushanga ule kwa ajili ya mtoto, na kazi yake ingali ikionekana. Kilichomhifadhi mwanasesere huyo ni ukavu wa mchanga wa Misri. Penye unyevunyevu na mchwa, kama ilivyo pwani ya Afrika Mashariki, tambara halidumu hata miaka 100, na kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba pasipo na masalio hapakuwa na michezo.

Hata hivyo ushahidi wa vijijini hauhitaji makumbusho. Msichana wa Tanzania amebeba mgongoni gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa, akalibembeleza, akalikemea na kulilaza, huku kaka yake akipiga mpira uliofumwa kwa matambara na kamba. Wala si kila sanamu ya mtu ilikuwa ya kuchezea. Mwana hiti wa Wazaramo, anayechongwa kwa mti, alihusika na mafunzo ya mwali, na asingeachiwa watoto wamburure uani.

Ulaya na Marekani nako mwanasesere wa nguo alianza kuwa kazi ya mama asiye na fedha, kisha wenye biashara wakamwona. Mwaka 1873 Izannah Walker wa Marekani alipata hataza ya namna yake ya kutengeneza wanasesere wa nguo. Mwaka 1915 mchoraji Johnny Gruelle alipata hataza ya umbo la Raggedy Ann, na mwaka 1918 kikatoka kitabu cha hadithi zake, mwanasesere mwenyewe akiuzwa sambamba nacho. Leo katika nchi hizo hizo mwanasesere aliyeshonwa kwa mkono aghalabu huuzwa kwa bei kubwa kuliko wa plastiki. Kinachodharauliwa Manzese kwa kuitwa cha kimaskini, kwingineko hununuliwa na matajiri.

Lakini jambo zito zaidi ni sura. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, Wamarekani weusi, waliwaonyesha watoto weusi wa umri wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Walipotakiwa waonyeshe anayefanana nao, baadhi yao walilia. Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi uliotajwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954 ilipopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Wanawake weusi wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha kulijibu jambo hilo kwa sindano: tangu katikati ya karne ya 19 walishona wanasesere weusi wa nguo, wakati ambapo viwanda ama havikuwatengeneza, ama viliwatengeneza kwa sura ya dhihaka.

Mzazi wa Dodoma au Tabora anayenunua nywele za dhahabu hakusudii kumfundisha bintiye kujidharau. Hata hivyo somo linatolewa, na mwalimu wake ni kitu anacholala nacho mtoto kila usiku. Kasumba haingii kwa hotuba peke yake.

Si haki kudai kwamba kila cha kiwandani ni kibaya. Vipo vilivyo imara na salama, na wapo wanasesere weusi wa plastiki. Lakini Jumuiya ya Ulaya ililazimika mwaka 1999 kuzuia kemikali fulani za kulainisha plastiki katika vitu ambavyo watoto wadogo hutia mdomoni, na mnunuzi wa sokoni hana njia ya kujua kilichomo katika mfuko wake.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na walimu wa madarasa hayo huhimizwa kutengeneza zana kutokana na mazingira. Hapa ndipo mwanasesere wa matambara anapostahili nafasi. Vipande hupatikana kwa fundi cherehani, ambaye jioni huvifagia na kuvichoma. Sufi au pamba hujaza tumbo. Macho yatiwe kwa uzi, si kwa vifungo, maana kifungo hung'oka na mtoto akakimeza. Nguo ifuliwe kabla ya kushonwa, na mwanasesere mwenyewe afuliwe kila mara. Wavulana nao washike sindano.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu mwenye watoto wengi darasani hana muda wa kushona. Hoja hiyo ni ya kweli, na haiondolewi kwa kumlaumu. Mwalimu mkuu anaweza kutenga alasiri moja, kamati ya shule ikawaita akina bibi wa mtaa ambao kazi hii wanaijua tangu utotoni, na uzi ukanunuliwa kwa fedha za shule badala ya kutoka katika mshahara wa mwalimu.