Barua kwa Wanaushirika wa Nachingwea na Ruangwa: Mizani ya Pili Ofisini

Kwa wanachama, makarani na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI,

Barua hii inatoka kwa wenyeji wa wilaya hizo mbili walioajiriwa ughaibuni, katika ofisi zinazohamia utaratibu wa ulinzi wa kompyuta usiomwamini mtu wala kifaa chochote kabla ya kuhakiki. Inaandikwa kwa sababu tangu msimu wa 2024/2025 korosho zinauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na fedha ya mkulima hutegemea orodha zilizomo kwenye kompyuta.

Utaratibu huo ulipewa jina la “zero trust” mwaka 2010 na John Kindervag, mchambuzi wa kampuni ya Forrester ya Marekani, aliyepinga desturi ya kuzungushia ofisi ukuta mmoja na kumwacha huru kila aliyekwisha kuingia ndani. Google, iliyodukuliwa mwishoni mwa 2009, ilijenga mfumo unaomhakiki mfanyakazi pamoja na kifaa chake, awe ofisini au nyumbani, na Agosti 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa mwongozo wake.

Ghalani jambo hili si geni. Korosho hupimwa kwenye chama cha msingi, hupimwa tena zikifika ghala kuu, na kilo zikipungua maelezo hutakiwa hata kama karani na dereva ni ndugu. Wala hakuna anayeihesabu mizani ya pili kuwa tusi. Ajabu ni kwamba katika ofisi nyingi ndogo, za huko na za ughaibuni pia, kompyuta inayoandaa malipo hufunguliwa kwa nywila moja inayojulikana na watu wanne, huku karani wa msimu aliyeondoka Januari akiachiwa ruhusa yake hadi Oktoba.

Hatari yenyewe imo katika mstari mmoja wa orodha ya malipo, wenye jina la mkulima, kilo zake na namba ya akaunti ya benki. Tarakimu za akaunti zikibadilishwa, kilo hubaki sahihi na jumla hubaki sahihi, hivyo hesabu za chama hazionyeshi kasoro yoyote mpaka mkulima alalamike. Kwa utaratibu unaoelezwa hapa, anayeingiza kilo hana ruhusa ya kugusa akaunti. Anayeibadilisha huhitaji idhini ya mtu wa pili, mkulima hupigiwa kwa namba ya simu iliyokuwepo tangu awali, na mfumo huandika nani alifanya nini, saa ngapi, kwa kifaa kipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Wafanyabiashara watakuja na vifaa vya bei kubwa vyenye jina hili. Vingi vyaweza kusubiri. Kigumu zaidi ni wiki ya mnada, mtandao unaposumbua, namba ya uthibitisho isifike, wakulima wakiwa wamejaa barazani, na mtu akapendekeza nywila ya mwenyekiti itumike mara moja tu. Hapo bodi ikubali malipo yachelewe, na uamuzi huo upitishwe Septemba, kabla ya gunia la kwanza kufika.