Bunia kwenda Beni kwa ndege: raia akae kushoto, mkubwa akae kuume

Abiria wengi wanaotoka Bunia kwenda Beni hawaulizi kiti. Wanapanda, wanafunga mkanda, wanainamia simu, na chini ya saa moja wako Mavivi. Kwangu hiyo ni hasara. Tikiti ni ghali, na wengi wetu tunailipa kwa sababu barabara inatutia hofu, si kwa sababu tuna pesa nyingi. Basi angalau tuangalie nchi yetu.

Ukitoka Bunia, tafuta dirisha la mkono wa kushoto. Anga ikiwa safi, utaona kwanza Ziwa Albert kwa mbali, halafu bonde la Semliki na mto wake unaojipinda kama nyoka. Kisha Ruwenzori inakuja mbele yako, na kila dakika inazidi kuwa kubwa. Kilele cha Marguerite kina mita 5109, ni cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Barafu iko pale, karibu kabisa na ikweta, na inapungua mwaka kwa mwaka. Mtoto anayezaliwa leo Mutwanga, chini ya mlima ule, huenda akizeeka asiikute tena.

Anayetoka Beni kwenda Bunia akae kuume. Lakini ajue kwamba mlima anauacha nyuma upesi. Akichelewa kugeuza shingo, basi. Na asubuhi ni bora kuliko mchana. Jua litakupiga machoni, ni kweli, lakini mchana mawingu yanafunika vilele na hutaona kitu. Ndege yenye mabawa chini, kaa nyuma ya bawa. Zile ndogo zenye mabawa juu hazina shida hiyo.

Sasa upande wa pili. Ukienda Beni, mkono wa kuume kuna msitu wa Ituri, na ndani yake ile barabara ya taifa nambari 4: Komanda, Luna, Eringeti, Oicha, Mbau. Rubani asipozunguka mawingu, utaiona kama uzi mwekundu katikati ya majani, na mabati ya nyumba yanang'aa kandokando. Pale wakaaji wanauawa tangu Oktoba 2014. Pale Komanda, Julai 2025, waumini waliuawa usiku kanisani. Mashamba ya kakao yako pale pale, na wenyewe wengi wanaogopa kwenda kuvuna.

Upande huo ningeutengea wakubwa. Tangu Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziko chini ya utawala wa kijeshi, na tangu wakati huo tumepokea wajumbe wengi. Wanashuka ndege, wanafanya mkutano, wanatuambia kwenye mikrofoni kwamba hali inatulia, wanapanda tena. Barabara yenyewe wameipita juu. Mwenye lori anayesubiri askari wamsindikize hawezi kuipita juu, wala mama anayepeleka ndizi sokoni Oicha.

Kuna watakaoniambia kwamba dirisha halizuii panga. Sikusema linazuia. Nasema mtu anayeamua juu ya barabara aione, ahesabu vijiji, ajiulize kwa nini kuna sehemu ndefu zisizo na moshi wa jiko hata mmoja. Kisha atakaposhika mikrofoni tutamuuliza aliona nini, na jibu la "nililala" tutalitangaza hewani.

Sisi wengine tubaki na mlima wetu bila aibu. Katika ndege ndogo mara nyingi viti havina nambari, kwa hiyo fika mapema na usimame mbele kwenye mstari. Na ukimkuta mama na mtoto ambaye hajawahi kupanda ndege, mwachie kile cha kushoto.