Nani Aliyewatuma Kupiga Hodi Angani?

Hapa Kangundo, mtu akitaja habari za viumbe wa nyota nyingine huchekwa, kisha huulizwa bei ya kahawa. Kicheko hicho nakielewa, ila sikiafiki. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Kiafrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya redio uitwao SKA, na darubini ya MeerKAT, iliyoko Karoo, imekwisha kutumiwa kutafuta ishara za viumbe wenye akili. Jambo hili basi limo ndani ya ua wetu.

Kusikiliza hakumdhuru mtu. Anayetega sikio gizani hajulikani alipo. Hatari imo katika kujibu, na zaidi katika kuita kabla ya kuitwa. Ujumbe uliorushwa kutoka Arecibo mwaka wa 1974 utachukua miaka ipatayo 25,000 kufika ulikoelekezwa. Huo na tuuache. Lakini mwaka wa 2017 wanamuziki na wanasayansi wachache walirusha mwingine kutoka Tromsø, Norway, kuelekea nyota ya Luyten, nao utafika karibu mwaka wa 2030. Sijasikia kwamba yuko mwananchi wa Kangundo aliyetakwa shauri.

Watetezi wao hudai kwamba umbali ni ngao tosha. Sisi wa Ukambani tuna sababu ya kusita. Mwaka wa 1849 Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alimkaribisha mmisionari Krapf, ambaye akiwa huko aliuona Mlima Kenya. Kivoi alimwona mgeni mmoja tu, tena mpole. Habari za mgeni huyo zikavuka bahari, zikachapishwa, zikasomwa na watu ambao Kivoi hakuwajua. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka wa 1851. Mwaka wa 1899 reli ilikwisha kuvuka nyanda za Athi na kufika Nairobi, na mwaka wa 1938 ilibidi Muindi Mbingu awaongoze Wakamba hadi Nairobi kudai ng'ombe wao waliotwaliwa na serikali ya kikoloni. Simlaumu Kivoi; alitenda ukarimu uliompasa. Lakini aliyefungua mlango alikuwa mmoja, na walioulipia ni wajukuu wa watu ambao hawakuulizwa.

Ni kweli kwamba mwaka wa 1989 wataalamu wa anga walitoa azimio kuwa ishara ikipatikana isijibiwe kabla ya mashauriano ya kimataifa. Azimio jema, ila si sheria, wala halimgusi anayeita bila kungoja ishara yoyote.

Kenya ina kiti katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia matumizi ya amani ya anga za juu, ambayo hukutana Vienna, na tangu mwaka wa 2017 tuna shirika letu la anga. Wajumbe wetu waitake kamati hiyo iharamishe kurusha ujumbe wa namna hii pasipo idhini ya mataifa, nao wafanye hivyo kabla ya mwaka huo wa 2030.