Akiba ya Babu Haigawanywi

Mtu akisikia kwamba benki fulani imeanguka huko Uingereza, aghalabu husema, "Hayo ni mambo ya matajiri," na kugeuza ukurasa. Leo twamwomba msomaji asigeuze. Twataka kumweleza habari za Northern Rock, ya mji wa Newcastle upon Tyne, kaskazini-mashariki ya Uingereza. Wengi waijua kwa sababu ya anguko lake la mwaka 1967 na 40, yaani 2007, ambalo limeandikwa sana. Sisi shabaha yetu ni jambo lililotendeka miaka 10 kabla ya hapo, mchana kweupe, kwa kura halali, huku watu wakishangilia.

Yafaa tuanze na asili. Mwaka 1775, katika mji wa Birmingham, Richard Ketley, mwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Golden Cross, alikuwa na chama ambacho wanachama wake walikutana nyumbani kwake na kuchanga fedha. Mtu yeyote aliyewahi kucheza upatu ataelewa upesi. Kila mmoja alitoa fungu lake kwa wakati. Fedha zilipotosha kununua au kujenga nyumba moja, mmoja akaipata. Naye hakuacha kuchanga, bali aliendelea mpaka wenzake wote nao wamepata. Wa mwisho akishapata nyumba, kazi imekwisha na chama kinavunjwa. Baadaye, katikati ya karne ya 19, watu wakabuni njia bora zaidi. Chama kilianza kupokea akiba hata za wale wasiotaka nyumba, kikawapa riba kidogo, na fedha zao kikawakopesha wanaotaka kujenga, kwa rehani ya nyumba ile ile. Kwa hiyo hapakuwa na wa mwisho, wala hapakuwa na haja ya kuvunja chama. Vyama vya namna hii viliitwa "vya kudumu".

Kimoja cha vyama hivyo kilikuwa Northern Counties Permanent, kilichoanzishwa mwaka 1850. Kingine kilikuwa Rock, cha mwaka 1865. Hiyo ilikuwa nchi ya makaa ya mawe, ya viwanda vya chuma, na ya meli zilizoundwa kando ya mto Tyne. Nchi ambayo watu wake walijua vema maana ya kufanya kazi mwaka mzima na kulala katika nyumba ya mtu mwingine. Mwaka 1965 vyama hivi viwili viliungana, na jina jipya likafanywa kwa kuunganisha neno la kwanza la kimoja na jina la cha pili: Northern Rock, maana yake Mwamba wa Kaskazini. Neno "cha kudumu" likaachwa nje. Hatusemi kwamba ilikuwa ndege mbaya, lakini jambo hilo limetuchekesha kidogo. Mwamba huo ukaendelea kuvimeza vyama vidogo vya jirani, kimoja baada ya kimoja, hata mwaka 1994 ukakichukua chama cha North of England cha mji wa Sunderland.

Sasa tunafika penye kiini cha hoja yetu, nasi twaomba subira. Chama cha namna hii hakina bwana. Mwenye akiba ndiye mwanachama. Mwenye rehani naye ni mwanachama. Hakuna tajiri aliyeketi London akingoja gawio lake mwisho wa mwaka. Kwa hiyo, fedha zinazobaki baada ya kulipa riba na mishahara haziendi kwa mtu; hubaki chamani, juu ya zile za mwaka jana na za mwaka juzi. Baada ya miaka 50 huwa ni kilima, na baada ya miaka 100 ni mlima. Kilima hicho ndicho kinachokiwezesha chama kustahimili mwaka mbaya, na kumkopesha kijana wa leo kwa riba iliyo nafuu.

Je, mlima huo ni wa nani? Fundi wa meli aliyeweka akiba yake mwaka 1880 alichukua fedha zake na riba yake, akafa akazikwa. Ile sehemu ndogo iliyobaki hakuidai. Hakuwaachia watoto wake peke yao. Aliwaachia wote watakaokuja kupitia mlango ule ule. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo amana, nayo ni amana kwelikweli: mali iliyowekwa mikononi mwa mtu ailinde, ampe ajaye nyuma yake. Mwanachama wa leo ana haki ya kuketi chini ya kivuli cha mwembe. Haki ya kuukata na kuuza mbao hana.

Walakini sheria ya Uingereza iliona vingine. Mwaka 1986, katika siku za serikali ya Bibi Margaret Thatcher, Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu chama kama hiki kigeuzwe kuwa kampuni ya wenye hisa, mradi robo tatu ya wenye akiba waliopiga kura wakubali. Abbey National ilikuwa ya kwanza, mwaka 1989. Mwaka 1997 likaja furiko: Halifax, Woolwich, Alliance & Leicester, na wengine. Northern Rock iliingia katika soko la hisa tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Kila mwanachama aliyestahili alipewa hisa 500 bure, ambazo thamani yake siku hizo ilizidi pauni 2,000.

Ni nani angekataa? Sisi hatutajifanya watakatifu. Mjane apewaye pauni 2,000 kwa kutia alama katika karatasi hana sababu ya kuuliza mengi, naye hatumlaumu. Ila palikuwa na watu wengine waliozunguka nchi nzima wakifungua akaunti za pauni chache katika kila chama, si kwa kutaka kuweka akiba wala kujenga, bali kwa kungojea siku ya mgao. Watu hao walipiga kura juu ya jasho la wafu ambao hawakuwajua hata kwa majina. Wakuu wa vyama nao walisema kwamba bila mtaji wa soko la hisa hawataweza kukua. Hatuna budi kukiri pia kwamba waliogeuza Northern Rock waliukumbuka mkoa wao: walianzisha mfuko wa hisani uliokuwa ukipewa karibu sehemu 5 katika 100 ya faida kila mwaka, na mfuko huo katika maisha yake ulitoa zaidi ya pauni milioni 200 kwa watu wa kaskazini-mashariki na wa Cumbria. Ni fedha nyingi, na zilifanya kazi njema. Lakini kile kilichokuwa haki sasa kilikuwa sadaka, na sadaka hutegemea mfuko wa mtoaji.

Naam, walikua. Mwisho wa mwaka 1997 mali yote ya Northern Rock ilikuwa pauni bilioni 15.8, mwisho wa mwaka 2006 ilikuwa bilioni 101. Ikawa ya tano kwa ukubwa nchini katika kukopesha nyumba, na jina lake likang'aa vifuani mwa wachezaji wa Newcastle United. Ilimkopesha mtu hata pauni 125 kwa kila pauni 100 ya thamani ya nyumba yake. Msomaji atauliza, fedha hizo zilitoka wapi? Hazikutoka kwa wenye akiba. Mwaka 1997 akiba za wateja zilikuwa zaidi ya sehemu 60 katika 100 ya fedha zake. Mwaka 2006 zilikuwa kama sehemu 22 tu. Zilizobaki zilikopwa katika masoko ya fedha ya dunia, au zilipatikana kwa kufunga rehani za watu mafungu mafungu na kuwauzia wenye mitaji. Hapo ndipo twataka msomaji atie alama: sheria ya Uingereza inakitaka chama cha wanachama kipate angalau nusu ya fedha zake kutoka kwa wanachama wenyewe. Kama Mwamba ungebaki chama, mwendo huo usingeruhusiwa. Mlango ulioufikisha shimoni ulifunguliwa kwa kura ya mwaka 1997.

Tarehe 9 Agosti 2007 masoko yale yaliganda kwa hofu ya mikopo mibaya ya nyumba za Marekani. Northern Rock haikuwa imekopesha huko Marekani, lakini kisima alichokitegemea kila mtu kilikauka, na yeye ndiye aliyekuwa na kiu kupita wote. Jioni ya tarehe 13 Septemba redio na televisheni zilitangaza kwamba imeomba msaada wa Benki Kuu ya Uingereza. Asubuhi ya Ijumaa watu walijipanga nje ya matawi, wazee wamekuja na viti vyao vya kukunja. Nchi ile haikuwa imeona jambo kama hilo kwa zaidi ya miaka 100.

Baadhi ya waungwana waliwacheka watu wale kuwa ni wajinga wenye kuogopa kivuli. Sisi twasema hawakuwa wajinga. Sheria ya siku hizo ilimlinda mwenye akiba kamili kwa pauni 2,000 za kwanza tu; katika 33,000 zilizofuata alilindwa sehemu 90 katika 100; na zaidi ya hapo, hakuna. Mzee mwenye akiba ya maisha yake yote alipiga hesabu sawasawa. Foleni zilikwisha baada ya Waziri wa Fedha, Alistair Darling, kutangaza siku ya Jumatatu tarehe 17 kwamba serikali itadhamini akiba zote. Mwezi Februari 2008 kampuni ikataifishwa. Wenye hisa walidai fidia mpaka katika mahakama ya Ulaya huko Strasbourg, wasipate hata senti. Yule mjane, kama hakuziuza hisa zake 500 mapema, alibaki na karatasi.

Wenye rehani nao? Mwaka 2015 serikali iliuza mikopo ya zamani ya thamani ya pauni bilioni 13 kwa Cerberus, kampuni ya uwekezaji ya Marekani. Wapo waliojikuta hawawezi kuhamia kwa mkopeshaji mwingine, wakaendelea kulipa riba kubwa kuliko jirani zao. Mtu aliyekopa kwa Mwamba wa mkoa wake aliamka asubuhi mdai wake yuko ng'ambo ya bahari, wala hakuulizwa.

Kuna watakaotujibu kwamba hata vyama vya wanachama huanguka. Ni kweli. Dunfermline, chama cha Uskoti kilichoanzishwa mwaka 1869, kilianguka Machi 2009 bila kugeuzwa kampuni. Viongozi wake walikopesha ovyo katika majengo ya biashara. Uanachama si hirizi. Uongozi mbaya huharibu mahali popote. Lakini katika vyama vyote vilivyogeuzwa baada ya sheria ya 1986, hakuna hata kimoja kilichosimama mpaka leo kikijitegemea. Vyote vimemezwa na mabenki makubwa au vimetaifishwa. Abbey National na Alliance & Leicester vilichukuliwa na benki ya Kihispania. Na hawa ndio walioambiwa kwamba wanatafuta nguvu.

Habari hii ina mkia. Mwaka 2012 matawi ya Northern Rock, yaliyonunuliwa kwa serikali, yalivaa jina la Virgin Money. Nayo Virgin Money, baada ya kuunganishwa na mabenki mengine, ilinunuliwa tarehe 1 Oktoba 2024 kwa pauni bilioni 2.9. Mnunuzi alikuwa Nationwide, chama cha wanachama kilicho kikubwa kupita vyote Uingereza. Ndicho kile ambacho wanachama wake mwaka 1998, kwa kura chache, walikataa kukigeuza na kugawana. Kwa hiyo kazi iliyoanzishwa Newcastle mwaka 1850 imerudi katika mikono ya chama, miaka 27 kamili, kwa tarehe ile ile, tangu ilipotoka.

Tulifurahi tuliposoma hivyo, kisha tukasoma zaidi. Viongozi wa Nationwide walitumia bilioni hizo 2.9 bila kuwapigisha kura wanachama, na sheria haikuwalazimisha. Baadhi ya wanachama walitaka waulizwe, wasiulizwe. Mwaka 1997 watu waliulizwa, wakauza urithi. Mwaka 2024 urithi ulinunuliwa tena, na wenyewe hawakuulizwa. Twangependa kusikia kutoka kwa viongozi wa chama hicho ni kwa nini.